Mgema Akisifiwa

Chupa ilishuka kutoka Gare ikiwa ndani ya soksi mbili za sufu, soksi ndani ya sufuria, na sufuria ndani ya begi la mgongoni la rafiki yangu. Basi la Lushoto likapita Soni, likakata kona zake mpaka Mombo, likaingia barabara kuu, Korogwe, Muheza, na muda wote huo yeye alikuwa amelipakata begi kama mtoto mgonjwa. Aliposhuka stendi ya Kange hakunisalimu. Alisema, "Shika. Usitikise."

Rafiki huyu ni Msambaa na mimi ni Mdigo. Tangu mwaka wa kwanza pale Mlimani hatujawahi kuitana majina, kwa hiyo hapa nitamwita Msambaa. Alikuwa amemaliza shahada yake ya uzamili Leuven, Ubelgiji. Ya kwangu, ya historia, ilikuwa imekwama Dar es Salaam kwenye sura ya tatu. Kutoka huko alikuja na chokoleti za wadogo zake, koti ambalo Tanga halina kazi, na chupa moja ya bia ya sentilita 33. Chupa hiyo aliitunza majuma mawili chini ya kitanda cha bibi yake kule milimani, kwa sababu alidai joto letu la mjini lingeiua.

Haikuwa na karatasi ya lebo. Ilikuwa chupa ya kahawia, shingoni ina maandishi yaliyotuna kwenye kioo chenyewe, na kizibo cha manjano. Mambo yote yalikuwa kwenye kizibo. Westvleteren 12. Kileo asilimia 10.2.

"Bia bora kuliko zote duniani," alisema.

"Nani kasema?"

"Dunia."

Nikacheka, lakini begi nililishika kwa mikono miwili.

Nieleze kwanza kwa nini chupa moja ilinitia wasiwasi kiasi kile. Mimi ni Mwislamu. Sikuwa mtakatifu, tusidanganyane. Dar nilikwisha kuonja bia mara kadhaa, gizani na mbali na nyumbani, na kesho yake nikajifanya sikuwapo. Tanga ilikuwa habari nyingine. Tanga ana baba. Baba ni mwalimu mstaafu na mweka hazina wa msikiti wa mtaa wetu wa Ngamiani, na ndiye aliyekuwa sababu ya sura yangu ya tatu kukwama. Sura hiyo ilihusu ugema wa tembo katika pwani ya Tanga wakati wa Mwingereza na miaka ya mwanzo ya uhuru. Nilikwisha kuzungumza na wazee wa Moa, wa Mtimbwani, wa njia ya Pangani. Mtu mmoja tu alikataa kuhojiwa.

"Andika mkonge," aliniambia. "Tanga ni mkonge. Mambo ya tembo waachie walevi."

Na babu, baba yake, alikuwa mgema.

Kijijini kwetu, pwani ya Mkinga, kwenye njia ya kwenda Horohoro, kuwa mgema halikuwa jambo la ajabu. La ajabu ni kwamba babu aliswali swala tano na hakunywa. Alikuwa na minazi minane, na kila mmoja aliupanda mara tatu kwa siku: baada ya Alfajiri, kabla ya Adhuhuri, na baada ya Alasiri. Karara la mnazi hufungwa kamba lisifunguke. Kila anapofika juu, mgema hukata kipande chembamba kwa kotama ili kidonda kisikauke, hubadilisha kibuyu, hushuka. Ukiruka siku, kidonda hufunga na karara hukaa kimya. Kwa hiyo babu alipanda siku ya Idi, alipanda siku za msiba, alipanda siku aliyoolewa shangazi yangu, na Ramadhani alipanda akiwa amefunga, akawauzia wasiofunga. Minazi yenyewe haikuwa yake yote. Karara linalogemwa halizai nazi, na mwenye mnazi hulipwa kwa nazi asizozipata.

Alijuaje kama tembo ni zuri ilhali halionji? Kwa pua, kwa povu, na kwa sikio. Hilo la sikio nililiona kwa macho yangu, nikiwa mdogo, katika miaka yake ya mwisho ya kazi. Alikuwa akikisogeza kibuyu karibu na shavu, kichwa ameinamisha, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Tembo linaposhuka asubuhi ni tamu na halina nguvu, karibu na maji ya dafu yaliyotiwa sukari. Chachu iliyomo kibuyuni na hewani huanza kazi papo hapo bila kuambiwa na mtu. Jioni tembo lina kichwa, kesho yake ni kali, keshokutwa ni siki ya kutilia achari. Babu alisikiliza ule mchemko mdogo akajua ni saa ngapi ndani ya kibuyu. "Hili liuzwe sasa," alisema. Au, "Hili lingoje wavuvi."

Darasa la tano tulifika kwenye methali. Mwalimu akaandika ubaoni: Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Akauliza maana yake. Kabla hajamaliza swali, darasa zima lilikuwa limegeuka kunitazama mimi. Wapo waliocheka. Mwalimu naye, nadhani bila ubaya, akasema, "Wewe mwenzetu utatusaidia."

Jioni ile nilimpigia babu simu kwa simu ya shangazi, nikamwuliza kama aliwahi kutia maji. Alikaa kimya kidogo.

"Aliyeitunga hiyo," akasema, "alikuwa mnywaji."

Miaka mingi baadaye, nikiwa naandika pendekezo la utafiti, niliona kwamba jibu lile lilikuwa na hoja kamili. Methali ile inamtazama mgema kutoka upande wa mwenye kikombe. Aliyezoea tembo la jioni akija asubuhi atasema limetiwa maji. Aliyelikuta tamu jana akilikuta kali leo atasema limetiwa kitu. Mgema hana methali yake ya kumjibu. Niliiweka hoja hiyo ukurasa wa kwanza na msimamizi wangu akaipigia mstari kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: vizuri, sasa ithibitishe. Kuithibitisha nilimhitaji mtu aliyeishi ndani ya nyumba ya mgema. Babu alikwisha kufariki. Baba alikuwa hai, na alikuwa akisema mkonge.

Nilijaribu kumwingia kwa kitabu. David Parkin, mwanaanthropolojia, aliandika mwaka 1972 kuhusu Wagiriama wa Kenya na minazi yao. Anaeleza kwamba baadhi ya wakulima waliokuwa wakijikusanyia minazi walisema wamepandwa na mapepo ya Kiislamu, na waganga wakawaagiza wafuate miiko ya Uislamu. Basi hawakuweza tena kunywa tembo na majirani. Watu wengine walikunywa kwa pamoja, wao walijenga mali. Nilidhani hapo baba atasema kitu kuhusu babu na kutokunywa kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wagiriama hao," akasema, akaenda kumwagilia mchicha.

Basi ndivyo nilivyokuwa siku Msambaa alipofika na chupa yake. Tembo lilimsomesha baba mpaka chuo cha ualimu. Mshahara wa baba ulinisomesha mimi mpaka Mlimani. Hesabu hiyo haihitaji shahada. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuitamka.

Dada yake Msambaa ni muuguzi, amepanga Chumbageni, na usiku ule alikuwa zamu. Tulikaa baraza ya nyuma, karibu na karo la kufulia. Ilikuwa Agosti na kusi ilikuwa ikivuma kutoka baharini, kwa hiyo hata mimi nilikubali kwamba palikuwa na ubaridi wa kutosha. Msambaa alisema bia ile hainywewi baridi kama soda; ukiigandisha, ulimi hausikii kitu. Akaisimamisha mezani kama nusu saa. Katika nusu saa hiyo akanisimulia.

Abasia ya Mtakatifu Sixtus iko Flandria Magharibi, karibu na mpaka wa Ufaransa, katika nchi tambarare ya mashamba ya hopu. Wamonaki wake ni Watrapisti, ambao ni Wakatoliki wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto kwa ukali: sala mara saba kwa siku kuanzia kabla ya mapambazuko, ukimya, na kuishi kwa kazi ya mikono yao. Hilo la mwisho ndilo linaloileta bia. Kanuni yenyewe, ya karne ya 6, inasema watakuwa watawa kwelikweli watakapokula jasho lao. Wengine walitengeneza jibini, wengine mkate. Hawa wa Westvleteren wamepika bia tangu miaka ya 1830.

Msambaa alikwenda kwa treni mpaka Poperinge, akakodi baiskeli. Hapo nilimkatiza. Sisi wa Tanga mjini baiskeli tunazaliwa nazo. Msambaa amekulia mahali ambapo baiskeli ni mzigo wa kusukuma. Akakiri kwamba aliingia mtaroni mara mbili. Mbele ya abasia kuna mkahawa, ndani kumejaa wastaafu na mbwa wao, na hapo ndipo alipoipata.

"Ukitaka kreti inakuwaje?"

"Unaagiza kwanza, unapangiwa siku, unakuja na gari lako. Zamani ilikuwa kwa simu tu, na wanaandika namba ya gari. Ukishachukua, unangoja majuma kadhaa ndipo uruhusiwe tena. Na unaahidi hutauza."

"Kwa nini wasipike nyingi?"

"Swali hilo kila mtu anawauliza."

Mwaka 2005 tovuti moja ya wapenda bia iliitangaza Westvleteren 12 kuwa ya kwanza duniani. Magari yakapanga foleni kwenye kijibarabara cha mashamba, ghala likakauka, waandishi wa habari wakaja na kamera. Katika biashara ya kawaida, hapo ndipo unaponunua mitambo mipya. Watawa wakasema kipimo chao kinabaki kilekile. Hawapo pale kwa ajili ya bia. Bia ipo ili wao waweze kuwa watawa. Mwaka 2012 majengo ya abasia yalihitaji fedha, wakauza nje ya nchi masanduku ya chupa sita na glasi mbili. Ujenzi ukapata fedha zake na mauzo yale yakakoma. Mwaka 2018 supamaketi za Uholanzi zilipoipata kwa njia za pembeni na kuiuza kwa bei ya karibu euro kumi chupa, hawakufurahi kwamba bia yao ina thamani kiasi hicho. Walilalamika kwamba ni ghali mno.

Nilimwambia arudie hapo kwenye 2005.

Akarudia.

"Kwa hiyo walisifiwa."

"Na dunia nzima."

"Na hawakutia maji."

Msambaa alinitazama. Habari za darasa la tano anazijua, nilimsimulia zamani. Hakusema kitu, akachukua kifungulio.

Kizibo kilitoa mlio mdogo, kama mtu anayekataa kitu kwa adabu. Alimimina polepole kwenye glasi mbili za chai, akabakiza kidole kimoja chini ya chupa kwa sababu huko ndiko hamira inakotulia. Ilikuwa na rangi ya kahawa, na ukiinua glasi kwenye taa pembeni inaelekea wekundu. Povu lilikuwa zito, rangi ya mchanga uliolowa, na halikuwa na haraka ya kuondoka.

Nikaileta glasi sikioni.

Sikupanga kufanya hivyo. Mkono ulikwenda wenyewe. Msambaa alinyamaza, jambo ambalo si kawaida yake, na mimi nikasikiliza: mchemko mdogo, mwembamba, wa mbali. Babu angejua ni saa ngapi humo ndani. Mimi nilichojua ni kwamba humo hakuna saa. Bia hii inawekwa miaka, na watu wengine huiweka makusudi ili ibadilike. Tembo la babu lilikuwa na asubuhi moja. Nilimwambia Msambaa kwamba kama tunatafuta kinywaji adimu, basi tembo tamu la saa moja asubuhi ni adimu kuliko hiki, kwa sababu hata Dar halifiki kabla halijawa siki, usitaje Ubelgiji. Akasema hiyo ni kweli lakini ninachelewesha.

Ni kweli nilikuwa nachelewesha. Nilinusa. Tende zilizokaa sana juani. Zabibu kavu. Sukari guru iliyoungulia chini ya sufuria. Kulikuwa na kitu cha mkate pia, ule ukoko wa chini wa mkate wa kumimina, pale moto ulipozidi kidogo. Nilikaa na pua yangu juu ya glasi ile muda mrefu, na nikawaza kwamba ningeweza kuishia hapo. Pua, povu, sikio. Babu aliishia hapo miaka thelathini na akajua kila kitu. Ningerudi nyumbani msafi na hadithi nzuri.

Nikanywa.

Ilikuja tamu kwanza, ikatandaa, kisha uchungu mdogo ukaufuata utamu na kuurudisha nyuma, na mwisho kabisa joto likashuka kifuani kama chai ya tangawizi. Ilikuwa nzito lakini haikulemea. Nilitafuta kasoro, kwa sababu ingenisaidia kama ningepata kasoro. Sikuipata. Niliipenda, na sijui niseme vipi bila kujitetea wala kujisuta: niliipenda sana, nikiwa mwendo wa dakika kumi na tano kutoka kwa baba, na nilijua wakati uleule kwamba naipenda.

"Haya, mtaalamu," akasema Msambaa. "Neno moja."

"Halijatiwa maji."

Alicheka mpaka jirani akafungua dirisha.

Tulikunywa taratibu, glasi zile mbili, kwa karibu saa mbili. Zamu ya kusimulia ikawa ya Gare. Mimi nilikuwa nimesoma, yeye alikuwa amesikia kwa bibi yake, tukaviunganisha. Mwaka 1897 Watrapisti walifika Gare kutoka Mariannhill, Natal, abasia iliyoanzishwa na Franz Pfanner mwaka 1882, wakaiita misheni yao Neu-Köln. Kwa hiyo kabla bia ya Watrapisti haijafika Usambara ndani ya soksi, Watrapisti wenyewe walikuwa wamefika kwa miguu. Hawakudumu. Kazi ya umisionari ilipigana na ukimya, kwani huwezi kufundisha katekisimu ukiwa umenyamaza, na mwaka 1909 Mariannhill yote ilitengwa na shirika la Watrapisti. Gare ikapokewa na Mapadre wa Roho Mtakatifu, na baadaye Warosmini. Leo ukitaka kinywaji cha watawa milimani kule utakwenda Sakharani, karibu na Soni, kwa Wabenediktini, ambao huuza divai na makadamia.

Na bibi yake Msambaa, ambaye ni Mkatoliki wa misheni hiyohiyo, alipika dengelua. Pombe ya miwa. Hili sikulijua. Miaka yote tumejuana hakuwahi kulisema.

"Ulinicheka kwa babu yangu miaka minne," nikamwambia.

"Nilikuwa nacheka ili usiniulize."

Akaeleza jinsi bibi yake alivyozoea kuficha mitungi kwenye shamba la migomba kila aliposikia mgambo wako njiani, na jinsi siku ya Jumapili alivyokaa benchi la tatu kanisani, kitambaa cheupe kichwani, akitoa sadaka kama wengine. Kule Ubelgiji, Msambaa alisema, alipowaona wale wastaafu wakiinua glasi zao kwa heshima kama wako kwenye misa, aliwaza mitungi ile na akakosa hamu ya kumaliza ya kwake. Alinunua hii nyingine ili aje aimalize na mtu.

Chupa hakujua aifanyie nini. Kule kwao zinarudishwa abasiani, unalipwa amana yako, zinaoshwa, zinajazwa tena. Kutoka Chumbageni haikuwa na pa kurudi. Nikaichukua. Nililala pale pale, kesho yake nikaenda nyumbani nimepiga mswaki mara tatu, chupa ndani ya begi. Mama aliiona, akaigeuza, akaiosha kwa sabuni na maji ya moto, na Jumamosi alipokamua nazi akaijaza mafuta. Hakuniuliza. Mama yangu hajawahi kuuliza chupa ilikotoka. Kwake chupa ni chupa.

Baba ndiye aliyeuliza. Yalikuwa yamepita majuma matatu. Jioni, barazani, alikuwa akijipaka mafuta miguuni kama afanyavyo kabla ya Magharibi, akaishika chupa mbali na macho, akasoma maandishi ya shingoni kwa silabi, kama mwalimu wa darasa la kwanza: "Tra-pi-sten-bi-er." Akarudia za mwisho. "Bi-er."

Nikanyamaza.

"Hii ilikuwa ya pombe."

"Ndiyo, baba."

"Ulikunywa?"

Ningeweza kusema ni ya rafiki yangu, na ingekuwa kweli nusu. "Ndiyo, baba."

"Astaghfirullah," akasema, kwa sauti ya chini, si kwangu. Adhana ikaanza. Akainuka, akachukua kofia, akaenda. Nilikaa barazani pale pale. Sikumfuata msikitini, niliona haya. Nilikuwa nikitunga moyoni sentensi za kuomba radhi, na kila moja ilikuwa na neno "lakini" katikati.

Aliporudi alikaa kwenye kiti chake. Akaniuliza waliopika ni nani. Nikamweleza yote: watawa, sala saba, foleni ya 2005, kipimo kisichoongezwa. Alisikiliza kama alivyosikiliza habari za Wagiriama, na nikajua ataniambia neno moja kisha aende kwenye mchicha.

"Babu yako," akasema, "kila Alhamisi alikuwa akinipa hela ya tembo. Imefungwa kwenye kitambaa. Naipeleka dukani kwa Mhindi, nasema, baba anaomba nyingine. Mhindi anahesabu, anaiweka kwenye droo yake, ananipa noti nyingine, kiasi kilekile. Hakununua kitu, hakukopa kitu. Kubadilisha tu. Nilidhani ni kwa sababu zetu zimelowa."

Kinasa sauti kilikuwa chumbani. Sikwenda kukichukua.

"Zile za kubadilisha ndizo zilizolipa ada yangu. Ndizo alizotolea sadaka. Zile nyingine alilipia minazi, na kotama, na madeni. Hakuzichanganya hata siku moja. Nilikuwa mkubwa, niko chuoni, ndipo nilipoelewa."

Alijipaka mafuta tena, mguu uleule aliokwisha kuupaka.

"Nikamwuliza shehe mmoja. Si wa hapa. Nikamwambia, kuna mtu anafanya hivi na hivi."

"Akasemaje?"

"Akasema noti hazibadiliki."

Taa za barabarani ziliwaka. Vijana wawili walipita na baiskeli, mmoja amempakia mwenzake, wakamwamkia, akaitikia marahaba.

"Ulimwambia babu?"

"Sikumwambia." Akaifunga chupa kwa kile kipande cha bunzi ambacho mama amekifanya kizibo. "Aliendelea kubadilisha mpaka alipoacha kupanda. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea, hata nilipokuwa na mke."

Nilitaka kumwuliza mambo kama kumi. Duka lilikuwa wapi, mwaka gani, kiasi gani, na Mhindi alijua au hakujua. Maswali ya sura ya tatu. Sikuuliza hata moja, na mpaka leo ninapoandika haya, sura ile haina jina la duka.

"Na hao mapadre wako," baba akasema, "wao wenyewe wanainywa?"

"Wengi wao mezani wanakunywa nyepesi. Ile kali ndiyo wanayouza."

Akafikiri.

"Basi babu yako kawashinda," akasema, akanipa chupa niirudishe jikoni.